Alamu ya Stoo: Kutega, Kutegua, na Nani Atakuja



Somo letu la leo limetoka kwenu. Katika semina tumeulizwa mara nyingi, "Je, kikundi chetu kinunue alamu?" Na wale waliokwisha kununua wana swali lingine: "Mbona inalia ovyo?" Zamani alamu ilikuwa kitu cha benki na nyumba za matajiri wa mjini. Siku hizi fundi huja nayo kwa pikipiki, ndani ya katoni moja, anaifunga kabla ya saa kumi jioni, anaondoka. Hapo ndipo taabu huanza, maana anayebaki na kile kibao cha namba ukutani ni mweka hazina, naye hakufundishwa zaidi ya dakika kumi.

Tutaanza na jambo lililotokea, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike.

Kikundi kimoja cha akina mama katika eneo letu (jina tunaliacha, nao wameturuhusu kusimulia) kina stoo ya mawe karibu na kanisa. Ndani mna hema mbili, viti vya plastiki mia mbili, masufuria makubwa ya harusi na matanga, na wakati wa mavuno magunia ya maharagwe ya wanachama. Waliibiwa mara mbili. Wakaja ofisini kwetu, tukachangia nusu, wao wakatoa nusu, alamu ikafungwa. Sisi ndio tulioenda kuwafundisha. Tulifundisha watu wawili, mwenyekiti na mweka hazina, alasiri moja, na kwa vile mvua ilikuwa inakuja tuliharakisha.

Miezi michache baadaye kulikuwa na mazishi, na viti vilitakiwa kabla ya mapambazuko. Mweka hazina alikuwa na homa. Akamtuma kijana wake, akampa funguo na namba nne zimeandikwa kwa kipande cha karatasi. Kijana alifungua mlango saa kumi na moja kasorobo. Kibao kikaanza kulia pi, pi, pi. Hakujua sauti hiyo ni ya nini. Giza, tochi ya simu mkono huu, karatasi mkono ule. Akabonyeza namba moja vibaya, akajaribu tena, muda ukaisha. King'ora kikalia. Vijana wa sokoni walikuja mbio na mawe na rungu, wakakuta mtu ndani ya stoo gizani. Hakuna aliyemwuliza jina. Walimvunja mkono na kumpasua kichwa, na kama katekista anayekaa ng'ambo ya barabara hangemlalia kwa mwili wake huku akipiga kelele kwamba huyu ni mtoto wa fulani, kungekuwa na mazishi mawili wiki hiyo.

Kijana alipona. Mama yake hakurudi kwenye mikutano mwaka mzima. Nasi tulijua kwamba mlango ule ulikuwa na sekunde thelathini tu, tukamwambia yeye na mwenyekiti, basi. Hatukuwaambia wanachama, wala majirani, wala wale vijana wa sokoni. Kosa hilo tunalibeba, na ndiyo sababu hatutaki kikundi kingine kijifunze kwa njia hiyo.

ALAMU NI KAMSA

Kijijini kamsa tunaijua. Mama akipiga nduru usiku, watu hutoka. Alamu ni nduru ya chuma. Haifungi mlango, haimkamati mtu, haimfukuzi mwizi aliye na roho ngumu. Kazi yake ni kuita. Kwa hiyo kabla ya kununua, kikundi kiangalie kwanza mlango wenyewe: bawaba ziko nje au ndani? Kufuli ni ile ya kuvunjwa kwa nyundo mara moja? Dirisha lina vyuma? Kuna taa? Tumeona stoo yenye alamu nzuri na mlango wa mbao zilizooza, na hiyo ni kuvaa tai juu ya shati lililochanika.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mhubiri mmoja wa Marekani, Augustus Russell Pope, wa jimbo la Massachusetts, alipata hataza ya alamu ya umeme mwaka 1853: mlango au dirisha likifunguliwa, umeme unapita na kengele inagongwa. Mfanyabiashara Edwin Holmes aliinunua haki hiyo mwaka 1857 akaanza kuiuza. Na akina mama wasikie hili: mfumo wa ulinzi wa nyumba wenye kamera na televisheni ya kumwona aliye mlangoni ulibuniwa na mwuguzi wa New York, Mama Marie Van Brittan Brown, pamoja na mume wake Albert. Walipewa hataza mwaka 1969. Kazi ya uuguzi ilimfanya awe nyumbani peke yake saa zisizo za kawaida, na polisi walichelewa kufika mtaani kwao. Shida hiyo sisi hatuhitaji kuelezwa.

VIUNGO VYAKE

Alamu ya kawaida ina kisanduku kikuu, ambacho ndicho ubongo, na ni vizuri kifichwe ndani mahali ambapo si rahisi kufikiwa. Ina kibao cha namba karibu na mlango. Mlangoni na madirishani kuna vipande viwili vidogo, kimoja ni sumaku na kingine ni swichi. Mlango ukifunguliwa sumaku inaachana na swichi, na ubongo unajua. Halafu kuna jicho la ukutani. Jicho hili halioni sura, linaona joto la mwili linalosogea, hata gizani. Kuna king'ora. Kuna betri, kwa kawaida ya volti 12, ili stima ikipotea mashine isilale. Na mara nyingi siku hizi kuna laini ya simu ndani, ambayo hutuma ujumbe au kupiga simu kwa watu kadhaa mliowachagua.

KUTEGA

Watu husema "kuwasha" na "kuzima" alamu. Sisi tunapenda kusema kutega na kutegua, kama mtego. Sababu yake ni hii: mashine yenyewe haizimwi. Iko macho mchana na usiku. Mkiwa ndani mnapima maharagwe imeteguliwa, maana yake inaona mlango ukifunguliwa lakini inanyamaza. Mkiitega, inaona na inapiga kelele. Anayedhani kutegua ni kuzima hufikiri kwamba mchana anaweza kung'oa stima ili kuokoa pesa, na usiku anashangaa betri imekufa.

Kabla ya kutega, zunguka. Angalia madirisha yote yamefungwa na hakuna mtu wala paka aliyebaki ndani. Kwenye kibao kuna taa inayoonyesha kwamba kila kitu kiko tayari, mara nyingi ya kijani. Kama haiwaki, kuna mlango au dirisha halijafungwa vizuri, na mashine nyingi huonyesha namba ya sehemu hiyo. Bandikeni karatasi kando ya kibao: 1 mlango mkubwa, 2 dirisha la nyuma, 3 jicho la stoo. Namba ya siri msiibandike.

Taa ikiwa tayari, bonyeza namba yako ya siri, na kama mashine yenu inataka, kitufe cha kutega. Sasa kibao kinaanza kulia polepole. Hizo ni sekunde za kutoka, mara nyingi kati ya 30 na 60, fundi ndiye anayezipanga. Toka, funga mlango, tia kufuli, na usiondoke mpaka usikie sauti ya ndani imenyamaza. Ukikumbuka umesahau kitabu ndani, usirudi mbio kukichukua. Tegua kwanza, kisha anza upya. Karibu nusu ya kelele za bure tulizoziona zimetokana na mtu aliyesahau kitu.

Mashine nyingi zina namna mbili za kutega. Kutega yote ni wakati hakuna mtu ndani: milango, madirisha na macho yote yanafanya kazi. Kutega nusu ni kwa nyumba yenye watu waliolala: milango na madirisha yanalindwa, lakini macho ya ndani yananyamaza ili bibi akiamka usiku asiamshe kijiji. Hili tunalitaja kwa sababu siku hizi watoto walio Nairobi au ng'ambo humnunulia mama yao alamu, anaitega yote jioni, anaamka kunywa maji saa nane usiku, na kesho yake anasema hiki chombo cha wazungu kina mapepo. Hakina. Hakuambiwa tu.

KUTEGUA

Hapa ndipo pa hatari, kama mlivyosikia. Ukifungua mlango mkubwa mashine haipigi kelele papo hapo. Inakupa sekunde za kuingia, mara nyingi 15 hadi 30, na kibao kinalia pi, pi, pi kukukumbusha. Sauti hiyo haimaanishi umekosea. Inakuuliza tu wewe ni nani. Nenda moja kwa moja kwenye kibao, bonyeza namba yako, ngoja taa ibadilike. Usisimame kwanza kuweka mzigo chini au kusalimu mtu. Na ingieni kwa mlango ule ule uliopangwa. Anayeingia kwa mlango wa nyuma hana sekunde hata moja, kwa kuwa sehemu hiyo hupangwa kulia mara moja.

Ukikosea namba, usikisiekisie. Tulia, futa kama kibao kina kitufe cha kufuta, anza tena mara moja. King'ora kikilia kabla hujamaliza, endelea kubonyeza namba yako sahihi. Hiyo hiyo ndiyo inayokinyamazisha. Halafu, na hili ni muhimu kuliko yote, usikimbie. Toka nje mahali penye mwanga, inua mikono, paza sauti: "Mimi ni fulani, mtoto wa fulani, nimekosea namba." Kisha piga simu kwa mwenyekiti. Mtu anayekimbia kutoka stoo inayolia, hata awe padre, atapigwa.

Na kama umeshikwa na watu wenye silaha wakakulazimisha kutegua, tegua. Viti hununuliwa tena. Mashine nyingine zina namba ya pili ya siri kwa wakati huo: inategua kama kawaida, kimya, lakini inatuma ujumbe kwa wengine kwamba kuna mtu ameshikwa. Mwulizeni fundi kama yenu inayo.

NAMBA NI YA MTU

Mashine hutoka kiwandani na namba rahisi, kama 1234, na kila fundi anaijua. Ibadilisheni siku ile ile fundi akiwa bado yupo. Wengine huchagua mwaka wa kuanzishwa kikundi, ambao umeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango! Namba nne zinaweza kupangwa kwa njia 10,000, basi mwizi hawezi kuzijaribu zote. Lakini vikundi hutumia namba moja miaka mitano, vitufe vinne vinachakaa, na mwizi mwenye macho akiona vitufe hivyo vinne amebakiwa na njia 24 tu. Futeni kibao, na badilisheni namba.

Kila mwenye ruhusa awe na namba yake mwenyewe. Mashine nyingi huruhusu hivyo, na nyingi huweka kumbukumbu ya ni namba ipi iliyotegua na saa ngapi. Katika kikundi kimoja maharagwe yalipungua, na kila mtu alimtazama mweka hazina kwa jicho baya. Kumbukumbu ilionyesha hakuna aliyefungua stoo siku zile. Wakapima tena, wakaona kumbe mizani ndiyo iliyoharibika. Namba moja ya watu wote haiwezi kumwokoa mtu asiye na hatia hivyo.

Jambo gumu ni ofisi zinapobadilika. Aliyekuwa mweka hazina miaka sita, mzee wa kanisa, utamwambiaje kwamba namba yake imefutwa? "Kwani mnanishuku?" Tumeona kikundi kikiogopa swali hilo hata watu tisa wakawa na namba, wawili kati yao walikwisha hama. Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni kuandika katika katiba ya kikundi kwamba baada ya kila uchaguzi namba zote zinafutwa, hata za waliochaguliwa tena, na wote wanapewa mpya siku moja. Hapo hakuna mtu aliyeshukiwa, kwa sababu hakuna mtu aliyechaguliwa kushukiwa.

Na namba haiandikwi kwa karatasi akapewa mtoto. Mwenye namba akiugua, mwenye namba mwingine aende. Ndiyo maana wawili hawatoshi. Watatu au wanne ni bora, na mmoja wao akae karibu na stoo.

KELELE ZA BURE

Alamu ikilia bure mara tano, mara ya sita hakuna atakayetoka kitandani, na mara ya sita ndiyo ya mwizi. Kwa hiyo kila kelele ya bure itafutiwe sababu siku hiyo hiyo, iandikwe katika kitabu.

Katika stoo zetu sababu ni zile zile. Popo na paka hupita mbele ya jicho. Zibeni chini ya mabati kwa wavu. Buibui hujenga juu ya jicho lenyewe, na mdudu mdogo akitembea pale, mashine inaona jitu. Jicho linaloelekezwa dirishani hupigwa na jua, nalo jua ni joto. Ligeuzwe litazame ukuta. Mlango wa mbao hufura wakati wa mvua na sumaku inaachana na mwenzake kidogo. Panya hutafuna waya. Na betri ikizeeka, kila stima ikikatika mashine inahangaika. Betri hizi za kawaida hudumu kama miaka 3 hadi 5, kisha hubadilishwa hata kama "bado inafanya kazi."

Laini ya simu nayo husahauliwa. Bila salio ujumbe hautoki, na laini isiyotumika muda mrefu kampuni huifunga. Mtu mmoja apewe kazi ya kuweka salio na kuandika tarehe.

Mara moja kwa mwezi jaribuni yote, mchana, baada ya kutangaza kanisani na sokoni. Tegeni, zimeni stima kwenye swichi kuu, fungueni mlango, msitegue. King'ora kinalia kwa betri? Ujumbe umefika kwa wote? Tegueni, rudisheni stima.

NANI ATAKUJA?

Alamu inaita. Inamwita nani, naye akifika atafanya nini? Hilo fundi hawezi kulifunga ukutani.

Watoto wa kijiji wakiulizwa mwizi afanywe nini, wanajibu bila kufikiri, na tunajua wamejifunza wapi. Wengi wetu tumewahi kuona tairi. Tusijifiche nyuma ya maneno "umati ulifanya," kwa maana umati una majina, na mengine yako katika rejista ya jumuiya zetu ndogo ndogo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kuishi, na kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, sura ya 75, kifungu cha 34, humruhusu raia kumkamata mtu anayeiba mbele ya macho yake. Lakini kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kukamata ndiyo, kuhukumu hapana. Anayeua mwizi ni mwuaji mbele ya sheria, na mbele ya Mungu hatuhitaji kutaja kifungu.

Kile kikundi cha akina mama walikaa chini na wale vijana wa sokoni, na katekista, na mzee wa Nyumba Kumi. Haikuwa rahisi. Vijana wawili waliokuwa katika kundi lile la usiku walikuja mkutano wa tatu, wakakaa karibu na mlango. Walichokubaliana ni hiki. King'ora kikilia, wa kwanza kufika haingii. Anasimama mbali, anamulika, anauliza kwa sauti, "Ni nani?" Mwenye namba aliye karibu anapigiwa simu mara moja, na kama hajulikani aliye ndani, polisi wanapigiwa kwa 999 au 112, na chifu anaarifiwa. Hakuna anayeingia peke yake, kwa sababu mwizi naye huweza kuwa na panga. Akikamatwa anaketishwa chini, anafungwa mikono, na wazee wawili wanakaa naye mpaka polisi wafike. Atakayempiga atatajwa kwa polisi kama mwizi anavyotajwa.

Na kabla ya kufungua stoo usiku au alfajiri, mwenye namba humpigia simu katekista na kijana mmoja wa soko: "Ni mimi, naenda kuchukua viti." Ni kitu kidogo cha shilingi chache za salio.

Mkutano wenu ujao, someni somo hili pole pole, kisha jadilianeni katika makundi madogo. Ni watu wangapi leo wana funguo au namba ya stoo yetu, na je, tunaweza kuwataja wote kwa jina? Mara ya mwisho king'ora, au nduru ya mtu, iliposikika usiku, nani alitoka na nani alibaki kitandani, na kwa nini? Kijana yule angekuwa wetu, nani kati yetu angemlalia? Baadaye nendeni wote stoo, wazee na vijana, kila mmoja asikie kwa masikio yake ile pi, pi, pi, na kila mwenye namba ajaribu kutegua mbele ya wenzake, mara ya kwanza mchana, mara ya pili usiku na tochi. Watakaochukua zaidi ya sekunde ishirini warudie.